UZI: Tuktuk ya vipande vya Technic yenye mota, difu na usukani. Anza na ekseli, bodi ije baadaye

GiaNaMeno

Salaam aleikum wana jukwaa, wa kisiwani na wa ng'ambo zote, Kisauni, Likoni na Changamwe.

Maswali yanayoletwa hapa kuhusu magari ya LEGO Technic, na ya vipande vya kampuni nyingine vinavyolingana navyo, karibu yote yana mzizi mmoja. Mota inanguruma gari halisogei. Gia zinaruka meno mlimani. Usukani unalegea. Mtu amejenga bodi nzuri kwanza, kisha anatafuta pa kuchomeka mota. Njia hiyo haifiki mbali. Gari linaanza na ekseli: wapi zinakaa, ziko umbali gani, nani anazishika. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwa hiyo tujenge chombo kimoja hatua kwa hatua, na nimechagua tuktuk kwa sababu ukitaka kuipima huhitaji kwenda mbali. Chukua futi kamba tu, mwenye nayo hatakataa. Ile ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2.6, upana mita 1.3, kimo mita 1.7, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 2. Tairi lina kipenyo cha karibu sentimita 41.

Kipimo cha kwanza kuamua ni tairi, kwa sababu huwezi kulikata. Chukua lile lililoandikwa ubavuni 43.2 x 22, yaani kipenyo milimita 43.2 na upana 22. Ni nene kuliko la tuktuk halisi, lakini linapatikana kwa wingi na linashika chini vizuri. Gawanya: 410 kwa 43.2 ni 9.5. Basi kila kitu kigawanywe kwa 9.5.

Katika vipande hivi, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la pili ni milimita 8. Hapa tuite nafasi moja. Tuktuk yetu itakuwa na upana wa nafasi 17, urefu 34, kimo 22, na ekseli ya mbele itakuwa nafasi 26 kutoka ya nyuma, yaani milimita 208. Upana wa 17 si wa bahati nasibu: namba witiri inakupa tundu katikati kabisa, na ndipo ekseli ya kati inapopita. Ukichagua 16, katikati panaangukia kati ya matundu mawili na utahangaika mpaka mwisho.

Changamwe15

Shukran Maalim. Kabla hatujaenda mbali, tueleze hesabu ya gia. Kuna watu wanajaribu ya meno 16 na ya meno 24 kwenye boriti moja (kile kipande kirefu chenye matundu), haziumani vizuri, wanalaumu kipande.

GiaNaMeno

Kipande hakina kosa. Gia hizi zimetengenezwa hivi kwamba idadi ya meno ndiyo kipenyo kwa milimita, ukipima pale meno yanapokutana. Meno 8, kipenyo milimita 8. Meno 24, milimita 24. Umbali wa ekseli mbili ni jumla ya meno gawanya kwa 2, kisha gawanya kwa 8 upate nafasi.

8 na 24: jumla 32, nusu yake 16, nafasi 2 kamili. 16 na 16 vilevile 2. 8 na 40 ni nafasi 3, na 24 na 24 pia 3. 24 na 40 ni nafasi 4. Zile nene zenye meno yaliyokatwa mshazari pande zote mbili, 12 na 20 ni nafasi 2, 12 na 36 ni 3, 20 na 28 ni 3. Lakini 16 na 24 jumla ni 40, nusu 20, na 20 gawanya kwa 8 ni 2.5. Boriti iliyonyooka haina tundu la nusu, ndiyo maana zinakaa mbali sana au zinabanana. Unaweza kupata nusu kwa boriti zilizopachikwa kwa vishikizo vyenye hatua ya nusu, ila kwa gari la kwanza usijitafutie kazi.

Kanuni hii haijabadilika tangu Technic ilipotoka mwaka 1977. Gia ya meno 24 ya zamani ukiipata kwenye fungu la mitumba Kongowea inaumana na mpya bila shida, mradi meno hayajalika.

DadaBoriti

Niongeze jambo ambalo wengi wanaliruka: rangi ya ekseli. Kwa vipande vya asili, ekseli za urefu wa namba shufwa (4, 6, 8, 10, 12) kwa kawaida ni nyeusi, na za witiri (3, 5, 7, 9) ni kijivu. Pini nyeusi fupi ina vijinundu vya kubana, hiyo ni ya kufungia fremu. Ya kijivu ya ukubwa uleule haibani, hiyo ni ya sehemu inayochezacheza, kama bawaba. Ukifunga fremu kwa pini za kijivu, fremu italegea hata ukiwa na pini mia. Ukiweka nyeusi kwenye bawaba, itagoma kurudi.

Rangi za kampuni nyingine hazifuati mpango huu kila mara, kwa hiyo hapo sikiliza kwa kidole: sukuma pini ndani ya tundu uizungushe.

GiaNaMeno

Vyema kabisa Dada. Sasa sehemu ya nyuma, na hapa naomba mtu asome polepole.

Vipande: difu (inayoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti) ya meno 28 pamoja na gia zake tatu ndogo za meno 12 za ndani, fremu ya mstatili ya matundu 5 kwa 7, ekseli mbili za 8, gia nene mbili za meno 12, gia nene moja ya meno 20, ekseli mbili za 4, bushi nne (pete za kuzuia ekseli isiteleze), na rimu mbili zenye tundu la msalaba.

Fremu ya 5 kwa 7 kwa ndani ina nafasi 3 kwa 5. Difu ina urefu wa 3. Inaingia ndani ikilala kwa upana, ekseli zake zikitoka kwenye kuta ndefu, tundu la katikati. Hesabu upande mmoja kuanzia ndani: nafasi 1 ya ekseli iko ndani ya difu, 1 kwenye ukuta wa fremu, 2 za bushi, 1 kwenye boriti ya kushikilia karibu na gurudumu, 3 za gurudumu. Jumla 8. Pande mbili pamoja na nafasi moja iliyobaki katikati ya difu, 17. Ndiyo upana wetu.

Ile boriti ya kushikilia karibu na gurudumu wengi huiacha. Usiiache. Bila hiyo, gurudumu linaning'inia nafasi 3 nje ya ukuta wa fremu, uzito wa gari unaipinda ekseli, na gia za ndani ya difu zinaanza kukwaruzana.

Gia ya kuzungusha difu ni ya meno 12, kwenye ekseli inayokuja kwa urefu wa gari kupitia tundu la kati la ukuta mfupi. Inakaa nafasi 2 kutoka katikati ya difu. Ukishaipachika utaona fremu imeumbwa kwa ajili hiyo, hakuna pa kupotea. Kwenye ekseli hiyohiyo ya 4 panga: gia ya 12 ndani ya fremu, ukuta wa fremu, gia ya 20 nje, boriti ya kushikilia. Juu yake, nafasi 2, ipo ekseli ya mota, nayo ni ya 4: nafasi 1 ndani ya mota, boriti, gia ya 12, boriti. Gia zote mbili za juu na chini zimeshikwa kwa boriti zilezile zilizosimama wima, kwa hiyo haziwezi kuachana.

Upunguzaji: 20 kwa 12 ni 1.67, na 28 kwa 12 ni 2.33. Zidisha, 3.89. Mota ikizunguka mara 3.89, gurudumu linazunguka mara moja.

Changamwe15

Mbona usitoe mota moja kwa moja kwenye difu, 2.33 tu? Vipande vinapungua na tuktuk inakimbia.

GiaNaMeno

Inawezekana, na kwa sakafu ya nyumba inatosha. Tufanye hesabu uone tofauti.

Tuseme tuktuk nzima na betri ni gramu 700. Tunataka ipande mteremko wa nyuzi 20. Nguvu ya kuivuta juu ni 0.7 x 9.81 x 0.342, sawa na nyutoni 2.35. Ongeza kidogo kwa ukinzani wa matairi, sema 2.65. Nusu kipenyo cha gurudumu ni sentimita 2.16, kwa hiyo kwenye ekseli tunahitaji nyutoni-sentimita 5.7.

Kwa 2.33, na tukikubali kuwa gia zinakula kama asilimia 15, mota inabeba 2.9. Kwa 3.89, na hasara ya asilimia 20 kwa kuwa gia zimeongezeka, inabeba 1.8.

Mota ya kati ya mfululizo wa Power Functions (vifaa vya umeme vya LEGO, ule wa 2007) inasimama kabisa kwenye kama 11, na ile kubwa ya L kwenye 18. Kusimama kabisa si mahali pa kufanyia kazi. Mota inafurahia karibu robo hadi theluthi ya hapo. Kwa hiyo 2.9 kwa mota ya kati tayari imo kwenye mpaka huo na akiba ni ndogo, itapata moto ukiirudisha mlimani tena na tena. 1.8 inapumua.

Kasi: mota ya L bila mzigo kwa volti 9 inazunguka kama mara 390 kwa dakika. Gawanya kwa 3.89, mara 100. Mzingo wa tairi ni milimita 136. Mita 13.6 kwa dakika. Kwa 2.33 ni mita 22.7. Chaguo ni lako, lakini anayetaka kupanda asilie baadaye na mota.

MaalimPini

Hapo kwenye betri pana jambo. Hesabu ni ya volti 9, yaani betri sita za AA za 1.5. Wengi tunatumia za kuchaji, nazo ni 1.2 kila moja, jumla 7.2. Kasi inashuka karibu asilimia 20 na nguvu pia. Kwa hiyo mita 13.6 itakuwa kama 11. Usione hivyo ukadhani umekosea kufunga gia.

Kisauni_Mekanika

Ndugu zangu, kwani difu ni lazima? Tuktuk ina gurudumu moja mbele. Ekseli moja iliyonyooka nyuma, magurudumu mawili, imekwisha.

GiaNaMeno

Si lazima kwa gari linalokwenda mbele na nyuma tu. Kwa linalokata kona ni lazima, na kwa magurudumu matatu ni zaidi ya kwa manne.

Geuza gurudumu la mbele nyuzi 30. Katikati ya ekseli ya nyuma itazunguka duara la nusu kipenyo cha 208 gawanya kwa tanjenti ya 30, yaani milimita 360. Matairi ya nyuma yako milimita 57 kila upande wa katikati. La nje linakwenda duara la 417, la ndani 303. La nje linahitaji kuzunguka zaidi ya la ndani kwa karibu asilimia 38. Ukiyafunga kwenye ekseli moja, moja lazima litelezeshwe. Na anayetakiwa kuyalazimisha yateleze ni gurudumu moja la mbele, lililobeba robo ya uzito tu. Halitaweza. Usukani utageuka, tuktuk itaenda moja kwa moja huku tairi la mbele likiburuzwa.

Njia ya kati ipo kwa asiye na difu: endesha gurudumu moja la nyuma, jingine lizunguke huru kwenye ekseli yake. Kwenye sakafu inakwenda vizuri kiasi. Mlimani itavuta upande mmoja, na gurudumu linaloendeshwa linaweza kuteleza kwa kuwa nusu ya mshiko imepotea.

Kisauni_Mekanika

Hesabu imeniingia. Na springi je? Za nyuma zitahitaji krosi mbili za propela (viungo vinavyoiacha ekseli ipinde), na upana wenyewe umekwisha.

DadaBoriti

Hapa ndipo magurudumu matatu yanapokuokoa, kaka. Vitu vitatu vinagusa chini kila wakati, hata ardhi iwe imepinda vipi. Gari la magurudumu manne lisilo na springi likikanyaga kokoto, gurudumu moja linaning'inia, na difu inapeleka nguvu yote kwa lile lililo hewani. Tuktuk haina ugonjwa huo. Acha nyuma ikiwa imara. Weka springi mbele kwenye uma kama unataka sura, lakini chagua ngumu, kwa sababu mbele ikizama kila ukisimama, pembe ya usukani inabadilika.

Kwenye matuta angalia kitu kingine: ile gia ya 28 ya difu. Ekseli iko milimita 21.6 juu ya ardhi na gia inashuka karibu 15. Chini yake pamebaki milimita 6 na nusu. Boriti yoyote utakayopitisha chini ya difu itakula nafasi hiyo yote. Usipitishe kitu.

GiaNaMeno

Tuje mbele sasa.

Uma: tairi ni milimita 22, linahitaji nafasi 3 kati ya boriti mbili. Ekseli ya 7 ya kijivu: bushi 1, boriti 1, gurudumu 3, boriti 1, bushi 1. Usizibane bushi hadi mwisho. Acha unafuu wa unene wa karatasi, kisha lipulize gurudumu kwa mdomo. Lisipozunguka kwa pumzi, umebana mno. Kipimo hikihiki kitumie kwa kila ekseli ya gari hili kabla hujaweka mota. Mota huficha ubaya, inasukuma tu mpaka betri ziishe.

Nguzo ya usukani ilale nyuma kidogo, na tairi liguse ardhi nyuma ya pale ambapo mstari wa nguzo ungegusa. Milimita 4 hadi 8 zinatosha. Hapo gurudumu linajinyoosha lenyewe likitembea. Likigusa mbele ya mstari huo, litayumba na kutaka kugeuka kinyume.

Servo (mota ya kugeuza usukani) ya Power Functions inageuka nyuzi 90 kila upande. Nyingi mno. Gia ya 8 kwenye servo na ya 24 kwenye nguzo, umbali nafasi 2, inakupa nyuzi 30 kila upande, na duara la tuktuk nzima litakuwa na nusu kipenyo cha kama milimita 420 ukipimia gurudumu la mbele. Ukitaka kukata kona kali kama madereva wa hapa, tumia 12 na 20: nyuzi 54. Servo iwe karibu na nguzo. Kila krosi na kila gia unayoongeza katikati inaongeza kucheza, na gia ya meno 8 ndiyo inayocheza kuliko zote.

Kwa mfululizo wa Powered Up, uliofuata baada ya Power Functions, hakuna servo ya namna hii, lakini mota zake zenye kihisi cha pembe zinafanya kazi hiyo. Kuna jambo moja: zinatafuta katikati kwa kugonga mwisho wa kushoto na wa kulia. Weka vizuizi imara pande zote mbili vya kugongea, si springi, si kamba.

MaalimPini

Uzito, jamani. Magurudumu matatu yanapinduka, hata yale ya barabarani.

Sanduku la betri ndilo zito kuliko vyote, kwa hiyo lenyewe ndilo linaloamua. Liweke chini kabisa, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, chini ya kiti cha abiria. Likiwa mbele karibu na dereva, uzito unaegemea gurudumu moja, na pale upana wa kusimamia ni mdogo. Likiwa nyuma ya ekseli, mbele kutainuka mlimani.

Kupima ni rahisi. Weka gurudumu la mbele juu ya mzani wa jikoni, na ya nyuma juu ya kitabu cha unene uleule ili gari lisiiname. Gawanya uzito wa mbele kwa uzito wote, zidisha kwa 208. Mfano mbele gramu 175 kati ya 700: robo, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko milimita 52 mbele ya ekseli ya nyuma. Kama kimo chake ni milimita 60, kwa mlima wa nyuzi 20 unahitaji angalau 22 ili mbele kusiinuke. 52 ni salama, hata ukianza kwa kishindo.

Kwa ubavu, isimamishe kwa upande juu ya ubao na uuinue polepole, matairi yakizuiwa na kijiti yasiteleze. Ikipinduka kabla ya nyuzi 30, uzito uko juu sana. Mkosaji mara nyingi ni paa. Watu wanajenga paa la matofali mazito wakati mabamba membamba, au hata turubai la kitambaa kama la tuktuk yenyewe, yangetosha.

Mwana_wa_Likoni

Uzi mzuri sana huu. Mimi nataka kuiundia tuktuk feri yake, ule mlango wa mbele unaoshuka magari yapite. Nimefikiria mota ya kati na gia ya 8 kwa 24. Je, itabeba?

GiaNaMeno

Itabeba, lakini ukizima mota mlango utaporomoka, na kwa 3 kwa 1 utapanda kwa kishindo. Mlango wa feri unataka gia ya parafujo. Hiyo inahesabiwa kama jino moja: ikizunguka mara 24, gia ya meno 24 inazunguka mara moja. Umbali wa ekseli zake ni nafasi 2 kwa gia ya 24, na 1 kwa gia ya 8. Uzuri wake ni kwamba parafujo inaizungusha gia, gia haiwezi kuizungusha parafujo. Mlango unasimama popote ulipouachia.

Kasi bado ni kubwa. Mota ya kati ni kama mizunguko 405 kwa dakika, gawanya kwa 24 ni 17. Mlango wa kufunguka nyuzi 60 utamaliza kwa nusu sekunde na kitu. Ongeza 8 kwa 40 kabla ya parafujo: jumla ni 120, mizunguko 3.4 kwa dakika, na nyuzi 60 zinachukua sekunde 3. Hiyo inapendeza kuitazama.

Mambo mawili yanaharibu. Kwanza, parafujo inasukumwa kwa urefu wa ekseli yake, mbele ukifungua na nyuma ukifunga. Iweke kati ya boriti mbili, na bushi kila upande, la sivyo itatelezea pembeni na kuachana na gia. Pili, nguvu ni nyingi kupita kiasi. Mlango ukifika mwisho na mota ikiendelea, ekseli inasokotwa kama kamba, na iliyosokotwa hairudi, tupa.

Changamwe15

Hapo si unaweka ile gia nyeupe ya klachi?

GiaNaMeno

Ndiyo, ila pa kuiweka ni hoja. Ina meno 24 na imeandikwa juu yake 2.5 na 5 Ncm, yaani inaanza kuteleza kati ya hapo. Ukiifanya ndiyo gia inayoumana na parafujo, kikomo cha mlango kinakuwa hicho hicho. Mlango wa gramu 80 ambao uzito wake uko sentimita 5 kutoka bawabani unahitaji 3.9. Uko katikati ya kikomo: leo utainuka, kesho utateleza. Iweke upande wa mota, kabla ya parafujo. Badilisha ile 8 kwa 40 iwe 8 kwa 24 yenye klachi. Upunguzaji unashuka kutoka 120 hadi 72, nyuzi 60 zinachukua sekunde 1.8. Bado ni sawa. Lakini nguvu inayofika mlangoni bado ni kubwa, basi shika ekseli ya mlango pande zote mbili, na mkono wa kuinulia uwe karibu na gia, usiwe ncha ya mbali.

Magari yakipita, mlango ulalie ardhi au ukingo wa gati. Uzito wa tuktuk ushuke chini, usibebwe na gia.

Mwana_wa_Likoni

Shukran sana Maalim. Na hizo kebo zinazoonekana kwenye feri, nizitumie kweli au ziwe pambo?

GiaNaMeno

Pambo. Kamba inaweza kuvuta, haiwezi kusukuma, kwa hiyo mlango utategemea uzito wake kushuka. Ukitumia zote mbili, zitapingana.

DadaBoriti

Nirudi kwenye tuktuk kuhusu kudhibiti kwa mbali. Power Functions inatumia miale isiyoonekana kama rimoti ya televisheni. Jua la Mombasa la saa sita mchana linaizima kabisa. Kipokezi kikiwa juu ya paa wazi, nje utaongoza gari kwa karibu sana au hutaongoza. Kiweke chini ya ukingo wa paa, kitazame nyuma, na ujaribu asubuhi au alasiri. Powered Up inatumia Bluetooth, haijali jua.

Mchanga wa Nyali usiukaribie. Chembe moja kwenye tundu inakwaruza ekseli, na ikiingia kwenye difu itaonekana kama gia mbovu. Ukishaupata, fungua kila kitu, suuza kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, kausha kivulini. Mota na sanduku la betri haziguswi na maji.

Changamwe15

Maalim, gia zangu za mota, 12 na 20, bado zinakwaruza mlimani. Umbali ni nafasi 2 kamili, boriti ziko pande zote.

GiaNaMeno

Boriti zako zimesimama wima, na kitu gani kinazizuia zisipanuke? Gia mbili zinazobeba mzigo zinasukumana kila moja upande wake. Ikiwa ekseli ya juu iko kwenye boriti moja na ya chini kwenye nyingine, na zimeungwa kwa pini moja tu, pini inakuwa bawaba. Boriti inayoshika ekseli zote mbili lazima iwe kipande kimoja, chenye matundu yote mawili ndani yake. Kisha unganisha boriti ya mbele na ya nyuma kwa kishikizo cha kona, pini mbili kila upande, wala si moja. Pini moja inashikilia mahali, pini mbili zinashikilia pembe.

Baada ya hapo shika gurudumu kwa mkono, washa mota kwa sekunde moja tu, na tazama gia. Ukiona ekseli moja inasogea, fuata boriti yake mpaka upate kiungo cha pini moja. Kipo.

Changamwe15

Kimepatikana. Mota imefungwa kwa pini mbili za mbele tu, nyuma iko wazi, kwa hiyo inainua kichwa.

GiaNaMeno

Ndicho. Iwekee boriti ya 5 juu kwa upana, ishuke kwenye fremu pande zote mbili. Kisha ipande ubao wa mita 1, ncha moja ikiinuliwa sentimita 34. Hiyo ni nyuzi 20.

Kisauni_Mekanika

Swali la mwisho kwa mwenye vipande vya mchanganyiko. Vya kampuni tofauti vikae gari moja?

MaalimPini

Boriti na pini za fremu, changanya. Gia zinazobeba nguvu, usichanganye katika jozi moja, kwa sababu unene wa jino ukitofautiana kidogo tu, moja inakula nyingine. Ekseli za difu na za parafujo zitoke kwenye zile ngumu kuliko zote ulizonazo: shika ncha mbili za ekseli ndefu uisokote kidogo kwa vidole, iliyo laini utaihisi inajipinda, hiyo ipeleke kwenye paa na kiti. Kingine ni hewa yetu ya chumvi: usiache betri ndani ya sanduku ukimaliza. Vibati vyake vinaota kutu ya kijani, na mota dhaifu utakayoilaumu wiki ijayo itakuwa haina kosa. Ikishatokea, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha vizuri, halafu ndiyo urudishe betri.